Siku kumi za kimya India, wewe na shoga yako: mwongozo wa kurudi mkiwa bado mnasemezana

Siku ya tatu, kama saa tisa mchana, ukumbi umetulia hadi unazisikia feni zikizunguka, bibi mmoja wa safu ya mbele alibeua. Mbweu ndefu, yenye mwanzo, kati na mwisho. Nikafumba macho kwa nguvu zaidi. Nikauma ulimi. Ningeshinda, lau si shoga yangu aliyeketi kwenye mto wa kukalia wa tatu kutoka kwangu. Nilisikia pumzi yake ikikatika mara mbili, kwa ile namna ninayoijua tangu tukiwa wasichana wa shule, nikajua kwamba na yeye anajua kwamba mimi najua. Tukatoka mmoja baada ya mwingine, mabega yakitikisika, katika saa ambayo hairuhusiwi kutoka. Msimamizi alitufuata nje, akatuona machozi yanatutiririka, akauliza kwa upole mkubwa kama tungependa kwenda kuongea na mwalimu.

Haya nayaandika kwa wawili wanaotaka kwenda pamoja kwenye kozi ya siku kumi ya tafakuri ya kimya. Anayekwenda peke yake anapambana na nafsi yake tu. Ninyi mtapambana na nafsi mbili, pamoja na miaka yote ya urafiki iliyokaa katikati yenu. Shauri langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: ingieni kama watu wasiojuana. Linalohitajika kwa ajili ya urafiki lifanyike kabla ya kengele ya kwanza, la sivyo lisubiri siku ya kumi.

1. Jueni mnachokiendea

Zile picha za mtandaoni za mtu kakaa ufukweni, mikono magotini, jua linazama, zifuteni akilini. Hii ni kozi ya tafakuri ya Vipassana, neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, lenye maana ya kuona mambo kama yalivyo, na ratiba yake haina mchezo. Aliyeieneza kwa mtindo huu ni S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, Burma (leo Myanmar), mwaka 1924. Kipandauso kilimtesa miaka, madaktari wakashindwa, mwisho akaangukia kwa Sayagyi U Ba Khin, mwalimu wa tafakuri ambaye kazi yake ya ofisini ilikuwa uhasibu mkuu wa serikali ya Burma. Mwaka 1969 Goenka alikwenda India akaanza kufundisha. Alifariki mwaka 2013, lakini hadi leo ni sauti yake iliyorekodiwa inayoendesha kozi. Mwalimu msaidizi anayeketi mbele huwasha kinasa, hujibu maswali, na muda uliobaki hutulia tu.

Kozi ya wanaoanza ni siku kumi kamili. Mkiongeza siku ya kuwasili na asubuhi ya kuondoka zinakuwa kumi na mbili za kalenda, hivyo ombeni likizo inayotosha. Ada hakuna. Chakula, kitanda na mafunzo vinalipiwa na michango ya waliotangulia, na mchango wako haupokelewi mpaka umalize kozi. Shoga yangu hakuliamini hili. Wiki nzima alitafuta mtego uko wapi, mwisho akaamua kwamba mtego ni kuamshwa saa kumi alfajiri. Hakukosea sana.

2. Ulizaneni mambo mawili mkiwa bado nyumbani

La kwanza ni ibada, na hili watu hulipuuza hadi wafike getini. Kozi haikutaki ubadili dini. Lakini kanuni zake zinataka kwa siku zote kumi uache kila aina ya sala, ibada, kufunga, kuhesabu tasbihi, kuwasha ubani na mengineyo, ili mbinu ipimwe peke yake bila kuchanganywa. Kwa mtu wa swala tano, au wa rozari kila usiku, hilo si jambo dogo. Someni kanuni zote, kila mmoja aamue na moyo wake, na mwenye swali aliulize kituo kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Tafadhali usimwamulie mwenzio. Kama mmoja wenu hawezi kuliacha, nendeni mahali pengine. Mafungo yako ya namna nyingi duniani, na urafiki hauna haja ya kupitia hapa.

La pili ni afya. Fomu itauliza kuhusu maradhi ya mwili na ya akili, na dawa unazotumia. Jibu ukweli. Siku kumi za kukaa na kichwa chako bila simu, bila kitabu, bila mtu wa kuzungumza naye, zinaweza kumwelemea aliye na ugonjwa mzito wa akili, na vituo vyenyewe huwashauri watu hao wasije. Wala usimsukume shoga yako aende kwa sababu kaachwa na mchumba juzi. Nilitaka kuandika kwamba huko ndiko atakakosahau. Kinyume chake: huko atamkumbuka kwa saa kumi kila siku, akiwa amekaa vizuri, ameachiwa nafasi ya kutosha.

3. Fomu, viza, chanjo, kwa mpangilio huo

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya dhamma.org. Chagueni nchi, kituo na tarehe, kisha kila mmoja ajaze fomu yake mwenyewe. Nafasi hujaa mapema, hasa upande wa wanawake, kwa hiyo siku maombi yanapofunguliwa muwe macho. Fomu inauliza kama unakuja na ndugu au rafiki. Tajaneni. Nasi tulidhani tukificha tutakuwa huru zaidi, tukajinyima njia rahisi ya kuwekwa mbalimbali. Msikate tiketi ya ndege kabla ya wote wawili kuthibitishiwa. Kukubaliwa mmoja na mwingine kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri ni jambo la kawaida.

India ina kituo maarufu kuliko vyote vya mtindo huu, Dhamma Giri, katika mji wa Igatpuri jimboni Maharashtra, ambako kozi zilianza mwaka 1976. Sisi tulikwenda kingine kidogo zaidi, na sikitaji kwa kuwa makosa yote ya humu ni yetu.

Viza ya utalii ya India huombwa mtandaoni. Hakikisheni anwani ya tovuti inaishia na gov.in, maana kuna tovuti zinazofanana nayo kama mapacha na zinatoza zaidi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama pasipoti yenyewe ilikukosea.

Chanjo ya homa ya manjano isiwasahaulike. India huwadai cheti wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwemo, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya jana haikusaidii kesho. Kikishatambulika ni cha maisha yote. Kile cha manjano ulichopewa zamani ukakitupa kwenye droo, kitafute sasa.

4. Futeni madeni

Kama hatua nyingine zote mtaziruka, hii fanyeni. Kabla ya safari kaeni chini, karatasi na kalamu, mmalizane pesa. Nani kalipa hoteli, nani kalipa teksi, ile ya mwaka jana ya zawadi ya harusi ilirudishwa au la. Mimi nilikuwa nimemlipia shoga yangu sehemu ya tiketi na tukaahidiana kwamba tutaelewana tukirudi. Siku ya pili ya kimya, nikiwa nachunguza pumzi inavyoingia puani, deni lile lilikuja likakaa mbele yangu kama mgeni asiyeaga. Siku ya nne nilikuwa nimelipigia hesabu kwa viwango vitatu tofauti vya kubadilisha fedha. Ukumbini hakuna kikokotoo, lakini kichwa cha mtu anayedai hakikihitaji.

Baada ya pesa, vinyongo. Semeni moja moja, kwa ufupi, bila kuleta mashahidi. Ulichokiita kidogo ukiwa na simu na kazi na foleni, kimya hukiongeza unene.

Tena kila mmoja awe na pasipoti yake, tiketi yake, rupia zake na nakala ya nyaraka za mwenzake. Asiwepo wa kubebewa. Sababu nitaieleza mbele.

5. Begi

Nguo ziwe pana, za kuficha mabega na miguu, zisizobana wala kuonyesha. Zaidi ya hapo: soksi, mtandio mzito wa kujifunika alfajiri, kandambili zisizopiga makelele, tochi, kufuli, dawa ya mbu, sabuni isiyo na harufu kali, dawa zako za siku zote kumi na akiba kidogo. Vizibo vya masikio pia, kwa sababu bwenini kuna wanaokoroma na huruhusiwi kumwamsha mtu umwambie. Saa ndogo ya kawaida ya mkononi, maana simu utaikabidhi. Anayevaa miwani abebe mbili, na hili nimelijua kwa gharama.

Msibebe vitabu, daftari, kalamu wala hirizi ya aina yoyote. Vyote huwekwa stoo mkiingia. Shoga yangu alificha pakiti mbili za biskuti ndani ya soksi. Siku ya tano alizila chooni usiku, mfuko ukalia "kwachakwacha" bweni zima likasikia. Tangu hapo kila nikisikia plastiki inakunjwa namwona yeye.

6. Njia ya kufika

Saa za India ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Maana yake ni kwamba kengele ya saa kumi alfajiri itaupata mwili wako ukiamini ni saa saba na nusu usiku. Fikeni siku mbili kabla, mlale mapema siku hizo, msizimalize masokoni.

Wanaokwenda Igatpuri hutua Mumbai, kisha huchukua treni iendayo Nashik. Ni kama kilomita 136 kutoka stesheni kuu, mwendo wa saa mbili na ushei hadi tatu kwa treni ya haraka. Tiketi ya kiti kilichohifadhiwa ikatwe mapema, kwa kuwa mabehewa yasiyohifadhiwa ni mchezo wa wenyeji wenye mbavu imara. Baada ya stesheni ya Kasara reli inapanda safu ya milima ya Western Ghats, na treni nyingi huongezewa injini za kuzisukuma. Kaeni dirishani. Ndiyo starehe ya mwisho ya macho kwa siku kadhaa. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hunyesha huko kama imekodiwa, milima inakuwa kijani na nguo hazikauki. Mkichagua miezi hiyo ongezeni seti mbili.

Jambo dogo litakalowafaa: mkiuliza njia, mtu akakujibu kwa kuyumbisha kichwa kulia na kushoto, mara nyingi anakukubalia au anakuambia sawa. Tulikataliwa mara nne stesheni, au ndivyo tulivyodhani, kabla kijana mmoja wa chai kutuhurumia na kutupeleka kwa mkono.

7. Jioni ya kuagana

Mkifika mtaandikishwa, mtakabidhi simu na vitu vya thamani, mtapewa chumba na namba ya kuketi. Hapo mezani, kabla hamjasogea, mwambieni anayewaandikisha kwamba ninyi ni marafiki na mngependa vyumba tofauti na mito iliyo mbali ukumbini. Aibu ya dakika moja. Sisi tulinyamaza tukitumaini kuwekwa pamoja, tukawekwa pamoja, na matokeo mmeyasoma juu.

Baada ya chakula chepesi na maelezo, kimya kinaanza. Kinaitwa kimya adhimu, na ni cha mwili, ulimi na akili. Maana yake hakuna kuongea, kunong'ona, kukonyeza, kuashiria, kuandikiana wala kugusana. Ila mwenye shida anaruhusiwa kuongea na msimamizi kuhusu mambo ya chumba na chakula, au na mwalimu kuhusu tafakuri. Wanawake na wanaume hukaa pande tofauti kabisa, hata waliooana.

Mtapokea pia kanuni tano za kozi: kutoua kiumbe chochote, kutoiba, kutofanya ngono, kutosema uongo, kutotumia kilevi. Ya kwanza inahusu na mbu. Utamtazama akishuka mkononi mwako, akichagua mahali, na hutafanya kitu.

Aganeni pale nje, mkumbatiane, mwambiane kwamba kuanzia sasa hakuna kuangaliana. Kisha geukeni.

8. Siku yenyewe ilivyo

Kengele saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu mnatafakari, kisha kifungua kinywa. Asubuhi yote ni kukaa, hadi chakula cha mchana saa tano. Saa sita hadi saa saba ni wakati wa kumwona mwalimu kwa mwenye swali. Saa saba mnarudi kwenye mto hadi saa kumi na moja jioni, mnapopata chai na tunda. Hicho ndicho cha mwisho mdomoni kwa mgeni. Waliowahi kufanya kozi hupewa maji ya limau tu. Saa moja jioni Goenka hutoa mhadhara kwa video, na ninakuhakikishia utausubiri kama mtoto anavyosubiri katuni, kwa sababu ni mcheshi, na kwa sababu ni mtu anayeongea. Taa huzimwa saa tatu na nusu usiku. Chakula ni cha mboga, nafaka na dengu, bila nyama.

Siku tatu za kwanza kazi ni moja: kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, pale juu ya mdomo. Siku ya nne ndipo Vipassana yenyewe hufundishwa, kuupitia mwili kwa makini kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, ukitambua kila kinachohisiwa bila kukikimbilia wala kukikimbia. Kuanzia hapo, zile saa tatu za pamoja kila siku, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, mnaombwa kukaa saa nzima bila kubadilisha mkao. Magoti yatasema. Ombeni mito ya ziada mapema, jaribuni urefu tofauti chini ya makalio hadi magoti yashuke chini ya nyonga, na mwenye tatizo la kweli la mgongo au goti aombe kiti. Kiti si aibu. Niliwatazama waliokuwa wamekaa kwenye viti kwa wivu ambao nadhani ni kinyume cha kanuni, ingawa haumo kwenye zile tano.

Kuhusu kicheko, kwa kuwa ndicho adui mkuu wa wawili, nimejaribu njia nyingi. Kuuma ulimi hakusaidii, kunaongeza. Kufikiria misiba hakusaidii, kwa sababu mambo ya kuchekesha ya misibani nayo huja. Kilichonifaa ni kutoa pumzi yote taratibu kupitia mdomo uliofunguka kidogo, hadi mapafu yawe matupu, kisha kusubiri. Kicheko hakina mafuta bila hewa. Kuanzia siku ya nne kuna njia bora, nayo ni mbinu yenyewe: kitafute kicheko kiko wapi mwilini. Changu huanzia chini ya mbavu za kushoto, kinapanda kama mtekenyo, kinafika kooni kikiwa cha moto. Mara ya kwanza kukifuatilia hivyo hadi kikafa chenyewe nilijivunia sana. Kisha Goenka akaanza kuimba Kipali, kwa ile sauti nzito inayoburuza kila neno hadi uzi wake wa mwisho, ukumbi mzima ukaitikia "sadhu, sadhu, sadhu", na nikasikia pumzi ya mto wa tatu ikikatika.

Msitazamane tu. Hilo ndilo la msingi. Mezani kaeni mkitazama ukuta. Njia za kutembea baada ya chakula ni fupi na mtakutana mara kwa mara. Angalia chini, hesabu mawe, pita.

9. Hadithi ambazo kichwa kitakutungia

Siku ya tano shoga yangu alinipita njiani akageuza uso. Si ule ugeuzaji wa kanuni, aligeuza na shingo. Nikajua ni lile deni. Siku ya sita, ambayo pamoja na ya pili husifika kwa ugumu, nilikuwa nimeshatunga hotuba. Siku ya saba niliitoa hotuba hiyo kimoyomoyo mara kumi na nne, nikaiboresha, nikaweka na machozi mahali pake. Siku ya nane urafiki ulikuwa umekwisha na nilikuwa nagawa marafiki wa pamoja, nani abaki kwangu na nani aende kwake. Yote haya nikiwa nimekaa kimya, mgongo wima, uso wa utulivu. Msimamizi alinitazama siku hiyo kwa macho ya kunipongeza.

Mtu aliye kimya huwa karatasi nyeupe, na rafiki yako unayemjua sana ndiye mzuri kuliko wote wa kuchorea. Mgeni humwezi, huna vifaa. Kwa hiyo ukijikuta umeanza kesi dhidi ya mwenzio, weka sheria moja: hukumu haitolewi kabla ya siku ya kumi. Iache kesi iendelee ikitaka, lakini hakimu kasafiri. Na kama hofu ni ya kweli, kwamba anaumwa au hayuko sawa, usimfuate. Mwambie msimamizi, atakwenda kumuuliza.

10. Mmoja akitaka kuondoka

Kozi inaomba kila mtu akae hadi mwisho, na anayetaka kuondoka huongea kwanza na mwalimu. Hata hivyo hutokea. Ndiyo maana kila mmoja anashika pasipoti yake na pesa zake. Pataneni tangu nyumbani kwamba anayetoka hamchomoi mwenzake: atakwenda hoteli mliyoiandika kwenye karatasi, atamsubiri huko, na hatoulizwa maswali siku ya kwanza. Shoga yangu alifunga begi siku ya pili na tena siku ya sita. Alilifungua mara zote mbili kwa kuwa aliwaza nitamcheka. Mimi, siku hizo hizo, nilibaki kwa kuwa niliwaza yeye ana raha. Hayo sikuyaambiwa hadi baadaye, na sijui kama mwalimu angeyakubali kuwa sababu za kiroho.

11. Siku ya kumi

Asubuhi hufundishwa tafakuri ya kuwatakia viumbe wote heri, kisha kimya kinavunjwa. Mjiandae. Wanawake waliokaa siku kumi bila neno wanafunguka kama bomba lililopasuka. Masikio yanauma, maneno yanatoka bila mpangilio, na watu uliokuwa umewapa majina kichwani sasa wanakuambia majina yao halisi.

Msikimbiliane papo hapo. Kunywa maji, ongea kwanza na mtu usiyemjua, sauti ikae sawa. Sisi tulikutana chini ya mti nikiwa na hotuba yangu tayari, na kabla sijafungua kinywa akanishika mikono akauliza, "Shoga, mwalimu alikwambia nini? Ni kitu kibaya?" Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono siku ya tano. Alikuwa akitembea akiinamisha shingo upande ili asiidondoshe, haoni mtu hatua tatu mbele. Ila alinitambua kwa mwendo nikienda kwa mwalimu kila saa sita mchana, akaamini nimepata habari mbaya kutoka nyumbani nami nazibeba peke yangu, akalala analia usiku mbili. Nilikuwa nakwenda kuomba mto wa nne. Hotuba yangu sijui niliiweka wapi.

Kwa vitendo: hiyo ndiyo siku ya kutoa mchango kwa anayetaka, kiasi anachoona mwenyewe, na ya kuchukua simu. Shauri langu ni kutoiwasha hadi kesho yake. Asubuhi ya mwisho mnaondoka mapema baada ya usafi wa vyumba. Msiweke ndege siku hiyo hiyo. Mumbai, baada ya siku kumi za kusikiliza pumzi, ni kama kumwagiwa sufuria kichwani. Jipeni angalau usiku mmoja mahali patulivu, na msipige stori zote ndani ya treni, zingine ni ndefu na mwenye kuzisikiliza amechoka kama wewe.

Deni alinilipa stesheni, bila kudaiwa, akidai ni yeye aliyekuwa akilihesabu usiku. Hesabu yake ilizidi yangu.

Sasa amejaza fomu ya mwakani, akanitumia picha yake. Penye swali la rafiki unayekuja naye ameandika jina langu, na penye uhusiano ameandika "hatujuani". Nimemkumbusha kwamba kanuni ya nne inakataza uongo. Amejibu kwamba kozi bado haijaanza.